Vidole Vitatu Kila Upande

Pini saba zilikuwa mdomoni mwangu Dada aliponiambia nisikate.

"Kifungo," alisema, "weka mkasi chini. Kunja tu."

Sikuweza kumjibu kwa sababu ya pini. Nilikuwa nimepiga magoti sakafuni mbele ya kiti alichokalia, ubavu mmoja wa gauni nimeukusanya mkononi. Ilikuwa Alhamisi, saa tisa alasiri. Jua liliingia kwa dirisha la chumba cha cherehani na kumwangukia magotini, na magoti yenyewe yalivyokuwa yamechongoka, kitambaa kilikaa juu yake kama turubai juu ya vigingi. Mama alikuwa kwenye maombi ya akina mama, nyumba ya nne kutoka kwetu. Tuliwasikia wakiimba. Walikuwa wanamwombea yeye.

Nilitema pini kiganjani. "Kitambaa ni kingi, Dada. Nikikikunja kitakuchoma mbavuni."

"Kitanichoma kidogo."

"Nikikata, gauni litalala vizuri."

"Na Mungu akiamua kuninenepesha, utaliunga na nini? Gundi?" Akacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi. Aliacha kikohozi kipite, kama mtu anayempisha mzee mlangoni, kisha akasema taratibu, "Kunja. Acha kiwepo."

Nikaweka mkasi chini.

Mama tumemzika mwezi uliopita. Chumba ni kile kile, dirisha ni lile lile, na cherehani ninayoshonea ni ile ile yake, yenye pedali iliyolika upande wa kulia. Naandika haya kwa sababu sasa nimebaki peke yangu katika nyumba hii ninayekumbuka gauni lile, na kwa sababu ya kitu nilichokikuta kwenye sanduku lake wiki iliyopita. Lakini nikianza na sanduku hamtanielewa.

Mama alikuwa fundi cherehani. Baba alifariki nikiwa darasa la pili, na tangu hapo sebule yetu ikawa karakana. Vitambaa vilikaa kwenye makochi, wageni wakakaa kwenye stuli. Dada alikuwa amenipita miaka saba na vichwa viwili. Mama alimwita Twiga. Mimi niliyebaki mfupi na wa mviringo niliitwa Kifungo, na mpaka leo wapo wateja wasiojua jina langu la ubatizo.

Kazi ya Mama ilikuwa na sheria zake, na sheria ya kwanza ilikuwa daftari. Kila mteja alikuwa na ukurasa. Kifua, kiuno, nyonga, urefu, vyote vikaandikwa kwa penseli, namba kubwa kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Mwili ukibadilika, vipimo vipya viliandikwa chini ya vile vya zamani, na vya zamani havikufutwa. "Mwili unaenda na kurudi," alisema. "Usimfutie mtu." Tulikuwa na mteja mmoja tuliyemwita Mama Kofia, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona kichwa wazi, ambaye kila akija alianza na kelele mlangoni: "Fundi, leo usiangalie daftari la zamani, nimepungua!" Mama alimzungushia tepu, akaandika namba ileile, akamwambia, "Kweli, naona hata sauti imepungua."

Sheria ya pili ilikuwa akiba. Mama hakukata nguo ikaisha. Ndani ya kila mshono aliacha kitambaa cha ziada, vidole viwili, wakati mwingine vitatu, ili siku mteja akinenepa nguo ifumuliwe na kuachiwa. Na sheria ya tatu ilikuwa neno. Mteja alipokuja, akajaribu, akaridhika na kuondoka na nguo yake, Mama aliandika chini ya ukurasa: Amechukua. Mpaka neno hilo liandikwe, kazi ilikuwa haijaisha, hata kama nguo imepigwa pasi na kutundikwa mwaka mzima.

Dada alianza kuumwa akiwa na miaka ishirini na minne. Ugonjwa ulikuwa wa damu, na jina lake lilikuwa refu kiasi kwamba Mama aliliandika kwenye karatasi ili akiulizwa asikosee. Tulimpeleka hospitali, akatibiwa, akapata nafuu, akaanguka tena. Kanisani kwetu waliomba. Walifunga, wakaomba, wakafungulia kwa uji na kuomba tena. Siwasemi vibaya. Walimpenda. Aliimba sauti ya pili kwenye kwaya tangu akiwa na miaka kumi na mitatu, na alipokosekana wimbo ulisikika kama meza yenye mguu mfupi.

Kisha, mwezi wa pili wa mwaka ule, akaja mhubiri mgeni. Alikuwa na suti ya kijivu iliyoshonwa vizuri. Nakumbuka Mama aliikagua kola kabla hajasikiliza mahubiri. Mhubiri alimwita Dada mbele, akamwekea mkono kichwani, akatangaza kwamba kabla mwaka haujaisha binti huyu atasimama pale pale, mzima, kutoa ushuhuda. Kanisa lilipiga vigelegele. Mama alilia mpaka leso ikalowa, akahamia kwenye ncha ya kitenge.

Jumatatu yake alinunua kitambaa. Kijani, kijani cha jani ambalo bado halijafunguka. Hakumpima Dada. Alifungua daftari kwenye ukurasa wake, akafuata vipimo vya kabla ya ugonjwa: kifua thelathini na sita, kiuno ishirini na nane, nyonga arobaini. Juu ya ukurasa aliandika, Gauni la ushuhuda. Alilishona kwa siku nne, akalipiga pasi, akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba tulicholala mimi na Dada.

Hapo likakaa.

Miezi ilienda. Gauni halikupungua, Dada akapungua. Kila mlango ulipofunguliwa liliyumba kidogo, na Dada kutoka kitandani alilisalimia, "Karibu, mgeni." Ilikuwa utani. Baadaye akaacha kulisalimia, na mimi nikaanza kufungua mlango polepole.

Kufikia mwezi wa nane Mama aliacha kumpeleka kanisani. Hakusema kwamba anaona aibu, na nadhani haikuwa aibu. Watu walikuwa wakimtazama Dada na kuhesabu miezi, na Mama aliona macho yao yanakula imani yake. "Pumzika nyumbani," alimwambia. "Utaenda siku yako, na gauni lako." Kila Jumapili tulimwacha amelazwa juu ya mito miwili. Kanisa lilikuwa karibu, na upepo ukivuma kutoka upande ule alisikia kwaya. Tuliporudi alituambia ni wimbo gani walikosea.

Mwezi wa kumi na mbili, Jumanne, nilikuwa namchana nywele aliposema, "Kifungo, nina hamu."

Niliruka. Alikuwa hajala siku mbili. "Hamu ya nini? Sema, nikuletee."

"Ya kanisa."

Nikaendelea kuchana.

"Nimechoka kungoja nipone ndipo nikamsalimie Mungu nyumbani kwake," alisema. "Nataka kwenda hivihivi. Na nataka kwenda na lile." Alinyoosha kidole mlangoni.

"Mama atakataa. Lile ni la—"

"Najua ni la nini. Lakini nguo nyingine zote sizivai tena, zinanivaa zenyewe. Lile bado linaweza kurekebishwa. Akiba yake iko wapi? Si ndani? Na hilo likiendelea kungoja, litavaliwa na msumari."

Nilimwambia nitafikiria. Sikufikiria chochote, niliogopa tu. Kulibana gauni lile kungekuwa kumwambia Mama, kwa uzi na sindano, kwamba binti yake hatarudi kwenye vipimo vyake. Na kwa namna Mama alivyokuwa akiamini siku zile, kungekuwa kumwambia Mungu hivyo hivyo. Usiku kucha niliugeuza mto. Alhamisi Mama alipotoka kwenda kwenye maombi, nikachukua tepu.

Kifua ishirini na tisa. Kiuno ishirini na tatu. Nyonga thelathini na moja. Sikuthubutu kugusa daftari, nikaziandika namba kwa kalamu kwenye kiganja changu. Nikamvalisha, nikambandika pini, na ndipo aliponiambia nisikate. Nikakunja kitambaa kwa ndani, vidole vitatu kila upande, nikapiga bandi kwa mkono, ile mishono mirefu ya muda inayofumuka kwa kuvuta uzi mmoja. Nyumba ya nne walikuwa wamefika kwenye wimbo wa kufunga. Nilinawa kiganja kwa sabuni mara tatu.

Jumapili asubuhi Mama aliingia chumbani kumuaga Dada, akamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa kijani.

Nimeishi na dakika ile muda mrefu. Mama hakupaza sauti. Alisimama, akaangalia msumari mtupu nyuma ya mlango, kisha akaja mpaka kwa Dada na kufanya alichofanya kwa nguo yoyote: akashika mshono wa ubavuni kwa kidole gumba na cha shahada, akaupindua, akapapasa ndani. Nilijua anachotafuta. Alikuwa anatafuta ukingo uliokatwa.

Hakuukuta. Alipapasa upande wa pili.

"Umepiga bandi," alisema, bila kunitazama.

"Ndiyo, Mama."

"Kwa uzi gani?"

"Mweupe."

"Mweupe unaonekana," alisema. Akatoka. Nikadhani tumeishiwa maneno hapo. Kumbe alikwenda kutafuta viatu vya Dada, na alikwenda muda mrefu, kwa sababu vilikuwa havijavaliwa tangu mwezi wa nane.

Tulimshika huku na huku. Mwendo wa dakika tano tuliutembea nusu saa, tukipumzika kwenye kila ukuta ulio na kivuli. Tulipoingia, ibada ilikuwa imeshaanza, na watu waligeuka mmoja mmoja, halafu wote kwa pamoja. Gauni wote walilijua. Mama alikuwa amewaeleza akina mama wenzake. Niliona uso wa Mama Kofia ukiangaza chini ya kofia, akaanza kuinua mikono kushangilia, kisha akaona shingo ya Dada, akaishusha mikono taratibu kana kwamba alitaka tu kujinyoosha.

Wakati wa ushuhuda ulipofika, mchungaji aliuliza kama kuna mtu. Dada alishika benchi la mbele akasimama. Mama alimshika kiwiko. Nilidhani anamvuta aketi, lakini alikuwa amemshikilia asianguke.

"Sijapona," Dada alisema.

Waliokaa mabenchi ya mbele waligeuka kumtazama.

"Nilitaka nipone. Bado nataka. Nilimwambia Mungu kila siku, nadhani amechoka na sauti yangu." Watu wawili watatu walicheka kidogo, kwa woga. "Lakini niliwamiss sana. Na yeye nilimmiss. Basi, nimekuja kushukuru tu."

Akakaa. Mchungaji alivua miwani akaifuta kwa tai. Mwishowe mzee mmoja aliyekuwa akisinzia kule nyuma, ambaye huenda hata hakusikia, aliamka na kusema "Amina" kwa sauti kubwa, na kwaya ikasimama haraka kuokoa jahazi. Walianza wimbo, na kwenye ubeti wa pili nikasikia, hapo kando yangu, nyembamba kama uzi, sauti ya pili. Meza ikakaa sawa.

Mama hakusema Amina. Aliangalia mbele, na kidole chake gumba kilikuwa kikilainisha mkunjo wa gauni kiunoni mwa Dada, juu chini, juu chini, mpaka wimbo ukaisha.

Dada alifariki siku kumi na tisa baadaye. Mwaka ulikuwa umebakiza siku nne.

Siku moja kabla ya maziko nyumba ilijaa watu, na Mama aliwaomba wote watoke kwenye chumba cha cherehani. Mimi hakuniambia nitoke, kwa hiyo nikabaki. Alikaa dirishani na gauni la kijani magotini. Tepu ilikuwa shingoni na penseli sikioni. Nikadhani ni mazoea tu, kama mtu anayekumbuka kuvaa saa siku ya msiba. Akachukua kiwembe, akafumua bandi zangu. Alifumua moja moja, hakuvuta uzi kama ambavyo angeweza. Vipande vya uzi mweupe vilidondoka kwenye sakafu na kwenye viatu vyake.

Aliliachia gauni mpaka likarudi kama lilivyoshonwa. Akalipiga pasi. Mistari miwili ya matundu madogo ya sindano ilibaki kwenye kitambaa, kila ubavu mmoja. Alinyunyiza maji, akapiga pasi tena. Haikutoka. Akaiacha.

Tulimzika Dada ndani ya gauni lililomzidi kila upande. Mama alilipanga mikunjo vizuri pembeni mwake, kitambaa kile chote.

Mimi nilielewa hivi: amenifumulia. Kazi yangu ya Alhamisi ile ilikuwa kosa, na Mama alikuwa ameirekebisha bila kunigombeza, kama alivyokuwa akirekebisha mishono yangu iliyopinda nilipokuwa najifunza. Wiki mbili baadaye Mama Kofia alikuja kupimwa, na akiwa ameinua mikono, tepu yangu kifuani mwake, aliniinamia akanong'ona, "Mwanangu, nakwambia kwa upendo. Ulipolikunja lile gauni uliukunja na muujiza." Mama alikuwa nyuma ya pazia, kwenye cherehani. Pedali haikusimama. Sikujua kama alisikia, na sikuuliza.

Miaka ishirini na miwili sikuuliza. Tulishona tumepeana migongo, yeye dirishani, mimi mlangoni. Tulizungumza vitambaa, zipu, umeme, wateja. Kila Jumapili alivaa akaenda kanisani, benchi lile lile, na aliacha nafasi ya mtu mmoja kati yetu. Wageni wakijaribu kukaa hapo aliwasogezea kitabu cha nyimbo kwa adabu, akawaonyesha benchi jingine. Wakati wa ushuhuda aliangalia mikono yake. Mimi nami nilikwenda, lakini kwa miaka mingi nilikwenda kama mtu anayekwenda kuonwa na mkuu wa shule. Niliomba maombi mafupi, yasiyo na tarehe. Kila nilipofumba macho niliona kiganja chenye namba.

Mara moja tu nilikaribia kuuliza. Tulikuwa tunarudi, mvua imetushika, tumejibanza chini ya kibaraza cha duka lililofungwa. Nilisema, "Mama, wewe huwa hukasiriki naye?"

Hakuuliza nani. "Nakasirika," alisema.

"Sasa mbona unaenda kila Jumapili?"

Alikung'uta maji kwenye mkoba wake. "Nisipoenda, nitamwuliza nani?" Kisha akatoa mkono nje kupima mvua, akasema imepungua, twende.

Daftari la mwaka ule lilikuwa na jalada jekundu. Mwaka mpya ulipoingia Mama alinunua jipya, akasema lile limejaa, nami sikuliona tena. Madaftari mengine yote yapo chini ya cherehani, kwa mpangilio. La jekundu nililikuta wiki iliyopita sandukuni mwake, limefungwa kwenye leso ile aliyoiloweka siku ya mhubiri. Nilitafuta miwani nyumba nzima mpaka nikagundua ninayo usoni.

Mama Kofia yumo humo, na kifua kile kile kimeandikwa mara sita. Nikafunua polepole. Ukurasa wa Dada ulikuwa karibu na katikati.

Juu: Gauni la ushuhuda. Chini yake, 36, 28, 40.

Kwenye mstari wa pili, kwa mkono wa Mama, zile namba kubwa kubwa: 29, 23, 31.

Sikuwahi kumwambia mtu. Niliziosha kwa sabuni mara tatu. Nilikaa na ukurasa ule mpaka chai yangu ikapoa, ndipo nikaiona ile penseli sikioni na ile tepu shingoni, na nikamwona Mama dirishani akipima kutoka tundu hadi tundu, kila mshono wangu, kabla ya kuufumua. Aliuandika mwili wa mwisho wa mwanawe mahali pake, chini ya ule wa kwanza, kama mteja yeyote ambaye mwili wake umebadilika. Hakufuta kitu.

Halafu kulikuwa na mstari wa tatu. Penseli ilikuwa imekandamizwa sana hapo. Nilipogeuza ukurasa, namba zilikuwa zimetokeza upande wa pili na nikaweza kuzisoma kwa ncha ya kidole. 36, 28, 40.

Na chini kabisa, mahali pake pa siku zote: Amechukua.